Mguu wa Katikati

Kwako Cherono, binti yangu,

Ikiwa karatasi hizi ziko mkononi mwako, basi mashine imekataa kuwaka, umeshika bisibisi, na umeshafungua kifuniko cha sanduku. Nimezibandika hapa ndani kwa makusudi. Ningekupa kesho stendi ungezisoma kabla hamjafika Salgaa, ulie, halafu jirani yako kwenye kiti aanze kukuuliza umefiwa na nani. Ningezitia kwenye begi la nguo, mama yako angezikuta, maana begi hilo amelipanga na kulipangua tangu juzi. Humu ndani haingii mkono wa mtu isipokuwa wako. Na wangu, na matokeo yake tumeyaona.

Kama mashine haitakataa hata siku moja, barua itakaa humu bila kusomwa, na hiyo nayo ni sawa. Lakini imekataa, ndiyo sababu tunazungumza. Basi usinipigie kwanza. Weka bisibisi chini, chemsha chai, kaa. Mashine haijafa. Nakwambia hivyo nikiwa Nakuru na wewe ukiwa Kisumu, na sijui hata imekataa kwa namna gani, lakini nina uhakika.

Sasa hivi ni alasiri na kesho unasafiri. Nimekaa kibandani juu ya sanduku ambalo halijapata mwenyewe, nangoja rangi ya sanduku lako ikauke. Kulia kwangu wanagonga sufuria, kushoto wanagonga jiko, na mbele yangu kijana anakata mabati kwa mashine inayolia kama nguruwe. Nyumbani mama yako na shangazi zako wamefukuza kila mwanamume jikoni, kwa sababu jioni watu wa ushirika wanakuja kukuombea safari. Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki sitayagusa. Mama yako ameyasema, atayasema tena usiku, na kesho atayasema dirishani basi likiondoka.

Mimi nataka kukuambia habari ya sanduku.

Unajua nimetengeneza masanduku ya shule tangu kabla hujazaliwa. Kila Januari wazazi wanakuja hapa na watoto wao wa kidato cha kwanza, mtoto anagonga kifuniko kama mtu anayechagua tikiti maji, mzazi anaulizia kufuli. Nusu ya watoto wa mji huu wamelala bwenini na kazi ya mikono yangu chini ya kitanda. Lakini lako lilikuwa la kwanza nililotengeneza bila kuharakishwa na mtu. Nilichagua mabati mazito, pembe nikazikunja mara mbili, rangi ya buluu nikaipaka nikingoja ikauke kabla ya kupaka tena. Jina lako niliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, na ndiyo maana herufi ya mwisho imepanda juu kama mbuzi kwenye mwamba.

Basi siku ulipokuja kibandani na mkebe wako wa vipuri vya kompyuta, ukaniambia nilitoboe, uliniumiza. Nilijikaza tu.

"Baba, nisaidie kutoboa hii box. Feni mbili huku mbele, moja hapo nyuma."

"Nitoboe sanduku zima? Halina hata kutu."

"Si ndio maana. Zile za duka ni laini, Baba, ukizigusa zinapinda. Hii yako hata lori haiwezi."

Ulijua pa kunishikia. Nikatoboa. Ukatandika ubao wa plaiwudi chini, ukasimamisha viguu vidogo vya plastiki, na juu ya viguu ukaweka ile bodi ya kijani ambayo kila kitu huchomekwa humo. Bodi ulikuwa umeipata kwa mtu aliyefunga saiba yake ya intaneti, pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa stima, kwa mwingine, kadi ya picha sijui kwa nani, na mama yako alikuwa akisema tunaishi na mzoga. Kisha siku moja ukabonyeza swichi, feni zikaanza, na kioo kikaleta maandishi meupe. Mama yako alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akauliza kama itashika pia taarifa ya habari.

Ni kwenye mashine ya sanduku hilo ulipochora yule mbuzi anayehesabu magunia na kukosea kila mara. Wale watu wa Kisumu wanaotengeneza katuni za kufundishia watoto hesabu walimwona, wakacheka, wakakuita. Wakakuuliza kitu kimoja tu kigumu: una mashine yako? Ukasema ninayo. Wakasema njoo nayo Jumatatu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu nyumbani kwetu: mashine ikiwaka unaenda, isipowaka huendi.

Na hapo ndipo mimi nilipoamua kukusaidia.

Ulikuwa umekwenda Rongai kumuaga bibi yako, kogo, na kupokea baraka zake. Nyumba ilikuwa kimya, nami nikalitazama sanduku lile, nikawaza barabara, nikawaza yule utingo atakayelitupa juu ya magunia ya viazi. Nikafungua kifuniko. Nikaona plaiwudi. Nikaona viguu vya plastiki, vyembamba kama meno ya mtoto. Nikajiambia, binti wa fundi wa chuma hawezi kwenda ugenini amesimama juu ya plastiki, watu watasema nini.

Nikalibeba sanduku hadi hapa kibandani. Nilifanya kwa adabu, usidhani nilivamia. Nilipiga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Nikatoa plaiwudi, nikaweka sakafu ya chuma iliyonyooka, nikachomelea miguu ya chuma yenye nati mahali pa ile ya plastiki. Bodi ikakaa sawasawa. Kisha nikaitazama kwa jicho la kazi, nikaona ni pana, na katikati haina kitu chini yake. Meza yoyote ya urefu huo, Cherono, ukiiacha bila mguu wa katikati, italegea. Kila fundi anajua. Nikaongeza mguu wa katikati. Nikaurefusha kidogo ili ushike vizuri. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache nikaitazama kazi yangu, na nilifurahi sana, hata nikamwita huyu wa majiko aje aone.

Uliporudi kutoka Rongai nilikuonyesha kabla hujavua viatu. Ulipitisha kidole kwenye ile sakafu.

"Baba, hii ni kazi safi."

"Na hapo chini ya bodi nimeweka hata mguu wa katikati. Hiyo sasa hata barabara ya Salgaa haitikisi."

Uliinama ukachungulia chini ya bodi, kisha ukasema, "Asante, Baba." Nilidhani umezidiwa na furaha.

Ukachomeka, ukabonyeza. Feni ilijitikisa kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, ikalala tena. Ukabonyeza mara ya pili, ikajitikisa, ikalala. Mama yako akasema tuiombee kwanza. Mimi nikasema ni stima ya mtaa huu, inakuja imechoka. Tukahamia soketi ya sebuleni, kisha ya jikoni, kisha tukavuta waya hadi kwa jirani, na kote huko feni ikawa inafanya vile vile.

Nilikuwa na maelezo mengi siku hiyo. Baada ya stima nikasema ni vumbi, na nikaleta pampu ya baiskeli nikapuliza mpaka ukanishika mkono, ukaniambia polepole. Baada ya vumbi nikasema ni yule mtu wa saiba aliyekuuzia bodi mgonjwa. Nilimsema vibaya sana yule mtu, na kama yuko hai namwomba radhi. Wewe ulikuwa umekaa sakafuni, miguu umeikunja, unafanya kitu kimoja kimoja. Ulichomoa zile memori mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, ukazipangusa meno yake kwa kifutio cha penseli, ukarudisha moja peke yake, ukabonyeza. Ukaitoa, ukaweka nyingine. Ukatoa kadi ya picha. Ukatoa ile betri ndogo kama sarafu, ukaingoja, ukairudisha. Ukaitenga pawa saplai kando, ukaigusisha kwa kipande cha waya, na feni yake ikazunguka vizuri bila wasiwasi. Kila kitu ulichokipima peke yake kilikuwa kizima.

Nilikutazama nikashangaa. Mimi kitu kikinikatalia nakigonga. Hiyo ndiyo elimu yangu, na kwa sanduku la mabati inatosha. Wewe hukugonga kitu. Kila ulipokosa jibu ulipunguza kitu kimoja, ukauliza tena. Sijui ulijifunzia wapi, maana katika ukoo wetu hakuna mtu mwenye subira hiyo, na kwa mama yako pia siikumbuki.

Lakini vitu vya kupunguza vilikwisha. Ukaegemea ukuta, mikono imejaa vumbi, ukasema kwa sauti ndogo:

"Baba, labda nisiende. Nitawaambia imekufa. Nikae tu hapa nikusaidie kwa kibanda mpaka nipate ingine."

Sasa nikuambie nililohisi, kwa sababu usoni hukuliona. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, si kidogo. Nilikuona Januari umekaa hapa kwenye benchi, brashi mkononi, unaandika majina ya watoto kwenye vifuniko kwa herufi zilizonyooka. Nilituona tukinywa chai ya saa nne na mandazi, ukinicheka ninavyoongea na wateja. Nilisema moyoni, basi, Mungu amependa. Furaha hiyo ilikaa ndani yangu muda wa kumaliza kikombe cha chai, na ilikuwa tamu kuliko chai yenyewe. Nakupenda, Cherono, na mtu akikupenda hivyo usidhani kila anachokitaka ni kwa faida yako. Baba yako alikaa pale akitamani mashine yako isiwake.

Nilipoweka kikombe chini nikakutazama tena. Ulikuwa huitazami mashine. Ulikuwa unaitazama ile sakafu ya chuma, na ulipoona nimekuona ukageuza macho upesi, kama ulivyokuwa ukifanya utotoni ukijua nani amevunja kikombe na hutaki kumtaja.

"Cherono, unajua nini?"

"Sijui kitu, Baba."

"Unajua."

"Ni vile tu nimejaribu kila kitu. Imebaki moja."

"Ipi?"

"Kuitoa kwa box. Nijaribu ikiwa nje."

"Na mbona hujaitoa?"

Ulichezea bisibisi. "Kwa sababu ni wewe uliifunga."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Mchana kutwa ulikuwa umepima kila kipande, ukamshuku kila mtu aliyewahi kukigusa, ukaruka kazi ya mkono wangu kwa sababu ni mkono wangu. Ulikuwa tayari kupoteza Kisumu ili usinifungulie nati. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakutuambia ni nini kinampata mwana anayechelea baba kulia.

Nikakuambia uitoe. Mama yako akatoa mafuta ya kupikia kwenye katoni, tukaikata ile katoni, ukalaza bodi juu yake mezani, ukachomeka pawa saplai na memori moja tu. Ukagusa pale panapowasha. Feni ikazunguka, na haikusimama.

Mtu mwingine angerukaruka. Wewe uliniangalia mimi, na uliogopa, niliona. Nami sikukuangusha katika hilo: nilikasirika. "Kwa hivyo ni mimi," nikasema, nikatoka nikasimama langoni, nikawaangalia watu wakipita kana kwamba wao ndio walioniharibia. Nilikuwa nimevimba kama andazi. Na pale langoni nikamkumbuka mzee aliyenifunza kuchomelea.

Hadithi ya gurudumu unaijua. Nimeisimulia kila Krismasi: jinsi nilivyokuwa kijana kule Salgaa tukitengeneza matrela, jinsi lori lilivyoondoka na gurudumu la akiba chini yake, na jinsi gurudumu hilo lilivyochomoka mteremkoni, likabingirika likaingia hotelini, likasimama mbele ya sufuria ya maharagwe kana kwamba limeagiza. Huwa naishia hapo kwa sababu hapo ndipo watu wanacheka. Sijawahi kukusimulia jioni yake. Mzee alikuwa amechomelea kishikio cha gurudumu hilo juu ya kutu, bila kukisugua, kwa sababu dereva alikuwa anampigia honi. Mimi nilikuwa nimemshikia taa. Jioni akaniuliza, "Wewe uliona ile kutu?" Nikasema niliona. "Na ukanyamaza?" Nikamjibu, "Wewe ni mkubwa wangu, mzee." Akasema, "Sasa hiyo ni heshima gani, ya kushika taa nikianguka?"

Hakunipiga, hakunifukuza. Kesho yake aliniweka nyuma yake, na kila alipomaliza kazi alikuwa akisogea kando na kuniambia, tafuta kosa. Nililipata mara chache, na kila nilipolipata alilitengeneza huku akininunia mpaka chakula cha mchana. Alikuwa akinuna, lakini alikuwa akitengeneza. Nilidhani nimejifunza kwake kuchomelea. Pale langoni ndipo nilipoona kwamba ile sehemu kubwa ya somo nilikuwa nimeisahau, nikamlea binti ambaye ananishikia taa.

Nikarudi ndani na msumeno wa chuma. Ulikuwa umegeuza bodi, ukanionyesha mgongo wake, vile vitone vya risasi vilivyojaa kama upele.

"Hapa, Baba. Mguu wako uligusa hapa na hapa pamoja. Stima ikapata njia ya mkato kwa chuma."

"Na ikaungua?"

"Haikuungua. Pawa saplai iliskia, ikajizima. Kila nikibonyeza inaskia, inajizima."

"Kwa hivyo siku yote haikuwa imekataa."

"Ilikuwa inajichunga."

Niliukata ule mguu wa katikati mimi mwenyewe. Nilipiga tupa mpaka pakawa laini, nikapitisha kiganja, nikakupa wewe pia upitishe chako. Ile mingine uliiacha, ukasema inakaa sawa na matundu ya bodi, ukaivisha vipande vya mpira. Kisha ukarudisha vitu kimoja kimoja, ukibonyeza kila baada ya kimoja, na kila mara ikawaka, hadi kioo kikaleta maandishi na yule mbuzi wako akatokea na magunia yake. Mama yako akaja, akatazama, akasema, "Niliwaambia muombe." Tukamwachia ushindi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijitazama, na siyo jambo ninalolipenda. Ule haukuwa mguu wa katikati wa kwanza. Kumbuka ile kazi ya getini kwenye mitambo ya stima kule Olkaria niliyokutafutia kwa rafiki yangu bila kukuuliza. Nilikununulia shati jeupe, ukalivaa, ukaenda kwenye mahojiano, ukarudi ukasema hawakukuchukua, nami nikanuna wiki nzima kana kwamba wamenikataa mimi. Hukusema hata neno moja kwamba hukuitaka. Niliona binti mpana kama ile bodi, nikaona katikati hana kitu cha kumshikilia, nikakimbia kuchomelea. Nilikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo iliyonifanya niurefushe zaidi ya kipimo. Ungeniambia, ningenuna, halafu ningeukata. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikinuna usiogope, kununa kwa kuambiwa ukweli hakuzidi chakula cha mchana.

Huko Kisumu utakuta watu waliofunga vitu kabla hujafika. Wengine ni wakubwa, wengine ni wema, na mwingine atakuwa amekutendea hisani kubwa na kosa liko palepale kwenye hisani. Sema. Huna haja ya kupiga kelele, hukuumbiwa kelele, hiyo ni yangu. Sema kama ulivyoniambia mimi, ukichezea bisibisi, macho chini ukitaka, bora neno litoke. Ila litoke asubuhi, usingoje jioni.

Na siku ambayo wewe mwenyewe utakuwa ndio mkubwa, na kijana fulani amekushikia taa, msogezee nafasi atafute kosa. Utanuna. Damu ni hii hii.

Haya, chai imekwisha, turudi kwa mashine. Nyuma ya karatasi hizi kuna kipande cha katoni. Nimekikata leo kwa kipimo cha bodi yako, na nimekipiga pasi kisikunjike. Mama yako ameniona nikipiga pasi katoni na ameamua kutouliza. Toa bodi kwenye sanduku. Ilaze juu ya katoni. Weka memori moja, pawa saplai, basi. Bonyeza. Ikiwaka, kosa liko ndani ya sanduku, na sanduku ni kazi yangu, basi anza kunishuku mimi bila aibu: tazama nati, tazama pembe, tazama kama kuna kitu nilichoacha kikigusa. Isipowaka, fanya ulivyofanya siku ile, punguza kimoja, uliza tena. Mimi sijui hayo, wewe unayajua. Nilikuwepo, nilikuona.

Pale nilipoukata mguu wa katikati utaona duara dogo linalong'aa. Sakafu yote nimeipaka rangi leo, bodi ikiwa kando, nami nitairudisha kama nilivyokuona ukiirudisha; hapo sikupaka. Nimeacha makusudi uwe unapaona.

Rangi imekauka, nimeigusa kwa kidole. Naanza kusikia shangazi zako wakiimba hadi huku, au pengine ni mashine ya mabati. Jioni wataniambia niseme neno mbele ya watu, nami nitasimama nitasema Mungu akutangulie, nikae. Maneno yangu mengine yako hapa.

Ikishawaka, hapo ndipo unipigie. Usihangaike kutafuta la kusema, najua utakuwa unalia. Isogeze simu karibu na feni tu. Nitawaambia hawa wote, wa sufuria, wa majiko, na huyu wa mabati, waache kugonga kidogo, niisikie.

Ni mimi,
Baba yako